Hita ya Gari Inapotoa Hewa Baridi: Maswali ya Wasomaji wa Lindi na Mtwara

Swali: Julai nilipeleka korosho Njombe. Tulipoipita Songea usiku niliwasha hita, feni ikavuma kwa nguvu lakini hewa ikawa baridi vilevile. Nianzie wapi? (Masasi)

Jibu: Anza na kulanti, yaani majimaji ya kupoza injini, na uiangalie asubuhi injini ikiwa imepoa, kwani mfuniko wa rejeta ukifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji huruka na kuunguza. Hita haina moto wake: ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inayopitisha maji yaleyale yanayopoza injini. Kulanti ikipungua, mara nyingi hita hupoa kabla ya mshale wa joto kupanda, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mtu wa Masasi hana haja na hita.

Ikiwa kulanti imejaa, washa injini hadi ipate moto, weka hita kwenye joto la juu, kisha iguse kidogo kwa ncha za vidole, mbali na feni na mikanda, mipira miwili inayopenya ukuta kati ya injini na dashibodi. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika, na kosa liko kwenye kibao kinachogeuza hewa ndani ya dashibodi au kwenye waya wake. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine umepoa, ama vali ya kupitishia maji ya hita imefunga ama rejeta ndogo imeziba, jambo la kawaida kwa gari lililoongezewa maji ya kisima yenye chumvi miaka nenda rudi. Yote ikiwa baridi, fikiria hewa iliyonaswa, pampu ya maji, au thamostati (mlango unaodhibiti maji yaendayo kwenye rejeta kubwa). Gari langu la kwanza lilinihangaisha wiki nzima hadi nilipogundua kwamba fundi fulani alikwisha kuikata hita kabisa na kuunganisha mpira mmoja uliotoka injini na kurudi injini.

Swali: Fundi aliitoa thamostati, akisema haifai kwenye joto la pwani. Sasa hita hutoa hewa vuguvugu tu. Je, vinahusiana? (Lindi)

Jibu: Vinahusiana moja kwa moja. Thamostati ni mlango, na kwa magari mengi hufunguka maji yanapofika kati ya nyuzi 82 na 90. Ukiitoa, maji hupita kwenye rejeta kubwa muda wote, injini huchelewa kupata moto na kula mafuta zaidi, na hita hupata masalia. Joto la Lindi, hata likifika nyuzi 32, haliufikii mlango huo. Kama gari lilikuwa likichemsha, chanzo bado kipo. Rudisha thamostati mpya ya kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari.

Swali: Zulia la upande wa abiria linaloa. Je, hita inavuja? (Shangani, Mtwara)

Jibu: Futa kwa karatasi nyeupe. Maji yasiyo na rangi wala harufu hutoka kwenye kiyoyozi ambacho bomba lake la kumwaga maji limeziba. Yakiwa na rangi, yanateleza na yananukia utamu, huku kioo cha mbele kikifanya ukungu wenye mafuta, hita inavuja. Usiyaonje, kwa kuwa kulanti ni sumu, na uwaepushe nayo watoto na paka.

Swali: Nikiwa mwendoni hewa ni ya moto, nikisimama sokoni inapoa. (Newala)

Jibu: Kulanti imepungua, kuna hewa ndani, au pampu imechoka. Injini ikiwa imepoa, egesha gari pua ikielekea juu (Newala haina uhaba wa miinuko), fungua mfuniko, weka hita kwenye joto la juu, washa injini na uongeze kulanti polepole hadi mapovu yaishe. Ikiwa mapovu hayaishi hata baada ya thamostati kufunguka, huenda gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) imeungua; usiteremke nalo Masasi kabla fundi hajalipima.