Chora hadi fundi asikupigie simu: ushauri kwa wanaosomea usanifu wa bidhaa Nairobi

Kuna kipimo cha mwanafunzi wa uhandisi wa usanifu wa bidhaa ambacho hakimo katika mtihani wowote. Mpe fundi wa jua kali wa Kamukunji mchoro wako, mwachie vifaa, kisha uende zako. Kitu kikitoka kama kilivyokusudiwa, umesoma. Kikitoka kimepinda, au upande wa kushoto umekuwa wa kulia, au fundi akakupigia simu mara sita kabla ya saa sita, kuna jambo hujalijua bado, hata kama hesabu zako zote zilipata alama nzuri. Ushauri huu wote unalenga kipimo hicho.

Kwanza jina la shahada, maana hapo watu hukosea kabla hata ya kuingia darasani. Kwingine fani hii hufundishwa kama shahada moja. Glasgow, kwa mfano, chuo kikuu na shule ya sanaa ya jiji hilo huifundisha kwa pamoja. Nairobi njia zimegawanyika: uhandisi mitambo ni miaka 5, na shahada ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 4. Anayetaka kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya lazima awe na shahada ya uhandisi inayotambuliwa na bodi hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kujaza machaguo ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, hakikisha programu unayoitaka inatambuliwa. Usingoje kuuliza ukiwa mwaka wa nne. Maoni yetu ni haya: kama fizikia na hesabu hazikulemei, chukua uhandisi mitambo au mekatroniki, halafu uongeze usanifu mwenyewe. Mkono wa kuchora hunyooka kwa karatasi na kalamu, kila jioni nusu saa. Kukokotoa mkazo ndani ya chuma, kwa upande mwingine, ni vigumu kujifunza bila mwalimu anayesahihisha kazi yako. Uliyechagua usanifu usijione umeachwa nyuma, ila tafuta mapema mwenzako wa uhandisi mfanye miradi pamoja.

Vifaa vya kununua mwaka wa kwanza ni vichache: kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo) ya mm 150, rula ya chuma ya mm 300, tepu ya mita 5, guni ya chuma ya kupimia pembe mraba, na daftari lisilo na mistari. Kompyuta ya nguvu inaweza kungoja. Kalipa haiwezi, na sababu utaiona katika mfano ufuatao.

Tuseme mradi wako ni mkokoteni mdogo wa kubebea mitungi 4 ya maji ya lita 20. Hiyo ni kilo 80, yaani kani ya niutoni 800 hivi. Sakafu ya mkokoteni inashikiliwa na mabomba mawili ya mraba ya mm 25 kwa 25, unene wa mm 1.5, na kutoka tegemeo hadi tegemeo ni mita 1. Chukulia uzito wote umekaa katikati, kwa kuwa hiyo ndiyo hali mbaya zaidi. Kila bomba linabeba N 400, na momenti ya kupinda, yaani kiasi kani inavyolikunja bomba, ni 400 mara 1 gawanya kwa 4, yaani Nm 100. Ukikokotoa umbo la bomba hilo utapata mkazo wa karibu MPa 96 (megapaskali, yaani niutoni 96 kwa kila milimita mraba ya chuma), na katikati litashuka kiasi cha mm 3. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja, bila kurudi, kwenye MPa 250 hivi. Mwanafunzi anaona ana akiba ya mara mbili na nusu, anafunga daftari, anaenda kulala.

Lakini mkokoteni hausimami. Unashuka kwenye ukingo wa barabara, unaingia shimoni, na mshtuko unaweza kuuongeza mzigo mara mbili kwa urahisi. Sasa ni MPa 192. Akiba imekuwa ndogo, ila bado ipo. Halafu unakwenda dukani Industrial Area, unaomba bomba la 1.5, na unalopewa lina unene wa mm 1.2. Kwa macho yanafanana. Rudia hesabu: mkazo wa kawaida umepanda hadi MPa 116, na mshtuko ukija ni 231. Umefika mlangoni pa kuharibika, na mchoro wako haukuwa na kosa hata moja. Ndiyo maana tunasema kalipa iingie dukani kabla ya pesa kutoka. Pima mdomo wa bomba sehemu tatu, mbali na mshono na mbali na vinyweleo vilivyoachwa na msumeno. Kama duka lina la 1.2 pekee, basi ongeza bomba la tatu katikati au sogeza mategemeo yakaribiane, na ubadilishe mchoro siku hiyo hiyo. Mchoro unaosema 1.5 wakati kitu ni 1.2 utakuja kumdanganya mtu mwingine.

Tukiendelea na mkokoteni huo, mshikio wake mara nyingi hutengenezwa kwa bomba lolote lililobaki. Mkono wa mtu mzima hushika vizuri kitu chenye kipenyo cha mm 30 hadi 40. Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha mm 21 tu. Ukisukuma kilo 80 kwa bomba hilo viganja vitauma kabla ya kufika nyumbani. Bomba la inchi 1 lina mm 33 hivi nje. Chagua hilo.

Sasa tolaransi, yaani kiasi cha kosa ambacho kitu kinaweza kuvumilia na bado kikafanya kazi. Wanafunzi wengi huandika 0.1 kila mahali kwa kuwa programu ya kuchora imeiweka hapo. Fundi anayepima kwa tepu, akatia alama kwa chaki na kukata kwa grainda, atakupa mm 1 au 2 huku au kule, na hilo si kosa lake, kwa sababu mstari wa chaki peke yake una upana huo. Usimlazimishe kufikia usahihi ambao vifaa vyake havitoi. Sanifu kitu kinachovumilia mm 2. Mahali pa bolti ya M6, yaani ya kipenyo cha mm 6, badala ya tundu la mviringo la mm 6.6, weka tundu refu la mm 7 kwa 15 upande mmoja ili fremu iweze kusogezwa. Matundu mawili yanayopaswa kulingana, andika kwenye mchoro: vipande vibanwe pamoja, vitobolewe kwa mkupuo mmoja. Usikate hesi ya M6 kwenye bati la mm 1.5, hesi hiyo ina hatua ya mm 1 kutoka uzi hadi uzi, kwa hiyo utapata mzunguko mmoja na nusu wa kushika, na ukikaza mara ya pili itakatika. Chomelea nati nyuma ya bati.

Kuchomelea nako huvuta. Chuma kikipoa hujikunja kuelekea upande wa weldi, na fremu iliyokuwa mraba inakuwa kishada. Agiza pembe zote nne zishikwe kwa pointi ndogo kwanza, kisha zipimwe kutoka kona hadi kona. Fremu ya mm 600 kwa 800 lazima itoe 1,000 kamili pande zote mbili za mshazari. Namba hizo ni rahisi kukumbuka, na ni sababu nzuri ya kuchagua fremu ya ukubwa huo. Zikilingana ndipo weldi kamili ianze, kona moja kisha ile inayoitazama, si kwa kuzunguka. Na kama bati linakunjwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli, acha angalau mm 10 kati ya mkunjo na tundu lolote. Ukilikaribisha, tundu litavutika liwe yai.

Kuna makosa mawili ya karatasi yanayogharimu siku nzima. La kwanza ni kutoonyesha kama mchoro umetumia pembe ya kwanza au ya tatu, yaani njia mbili tofauti za kupanga mitazamo ya kitu kwenye karatasi. Ishara yake ni ndogo, iko kona ya chini, na wengi huifuta ili ukurasa upendeze. Bila ishara hiyo, mtazamo wa upande unaweza kusomwa kinyume, na kishikilio cha kulia kikatengenezwa cha kushoto. La pili ni lugha ya vipimo. Chuoni ni milimita, lakini karakana nyingi bado zinataja mabomba, bolti na biti za keekee kwa inchi. Nusu inchi ni mm 12.7, wala si 12. Andika vyote viwili kwa kila kitu kinachonunuliwa dukani, na milimita peke yake kwa kila kitu kinachokatwa. Juu ya hayo, weka picha moja ya kitu kizima kikiwa kimeunganishwa, hata ya mkono. Fundi akiona kitu kinakwenda wapi, mara nyingi atakuonyesha njia rahisi zaidi ya kukitengeneza, na hapo sikiliza kwa makini.

Printa ya 3D na mashine ya leza utazipata Fab Lab ya Chuo Kikuu cha Nairobi au Gearbox, karakana za wabunifu, na ni vyombo vizuri vikitumiwa mahali pake. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, hulegea karibu na nyuzi 60, kwa hiyo kipande ulichokiacha ndani ya gari lililofungwa juani unaweza kukikuta kimelala. Vipande vinavyoingiana viachie mm 0.3 kila upande, na ujue kwamba tundu lililochapishwa huwa dogo kuliko lilivyochorwa. Kipande hupasuka kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo kilaze kabla ya kuchapisha ili kani isivute tabaka kutengana. Kuhusu leza, jambo moja halina mjadala: usikate PVC. Hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kula mashine. Kama hujui plastiki uliyoshika ni ya aina gani, usiiweke kwenye leza. Sehemu za alumini za kumimina zinafanyika Kariobangi Light Industries; mfano wa mbao uwe mkubwa kuliko kitu kwa asilimia 1.3 hivi, maana alumini hunywea ikipoa, na kuta zake ziinamishwe nyuzi 2 au 3 ili mfano utoke mchangani bila kuvunja ukingo.

Watu watakaokitumia kitu chako wasihojiwe kwa fomu. Mama mboga ukimwonyesha meza yako ya kukunja na kumuuliza ikoje, atasema ni nzuri, kwa adabu tu, kwa kuwa umemsalimia vizuri na unaonekana umejitahidi. Kaa karibu na kibanda chake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi anapopanga hadi anapofunga. Hesabu ameinama mara ngapi. Pima urefu wa kiwiko chake akiwa amesimama, na urefu wa meza anayotumia sasa. Tazama alichokifunga kwa kamba au kukiinua kwa jiwe, kwa sababu pale pana kasoro ambayo yeye ameshaizoea na hataitaja.

Jiko la udongo lenye kiuno chembamba, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linafaa kuchunguzwa kwa jicho hilo. Wazo la kuanzia lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Hapa bati lilikunjwa liwe na kiuno, udongo ukawekwa nusu ya juu pekee, panapokaa makaa, na chini pakaachwa pa majivu. Mfinyanzi na fundi wa bati hawahitaji kuwa karakana moja. Kinachowaunganisha ni kipimo. Nunua moja, livunje, pima unene wa kila kitu, kisha ulichore upya. Utajifunza zaidi ya unavyodhani.

Mradi wa mwisho una semesta mbili, na ya kwanza huliwa na pendekezo. Usikubali. Wiki ya nne uwe na kitu cha kadibodi cha ukubwa halisi, ya kumi uwe na cha chuma hata kama ni kibaya, na theluthi ya mwisho ya muda wote iwe ya toleo la pili. Nunua vifaa mwenyewe, lipa nusu ya ufundi kwanza, na kipande cha kwanza kitengenezwe ukiwa umesimama hapo. Usipange kuchukua kazi siku moja kabla ya kuwasilisha. Kama kuna jambo jipya kweli katika kazi yako, pitia KIPI, ofisi ya Kenya inayosajili uvumbuzi, kabla ya maonyesho yoyote. Hataza hulinda miaka 20, modeli ya matumizi, yaani hataza ndogo, miaka 10, na kwa kazi nyingi za wanafunzi hiyo ya pili ndiyo inayofaa.

Toleo la pili likiwa tayari kuchorwa, lipeleke kwa fundi mwingine, si yule wa kwanza ambaye ameshaisikia sauti yako na anajua ulichomaanisha. Mwachie karatasi tu. Ukirudi, toa kalipa, pima kila kipimo kilichoandikwa, na zungushia kalamu nyekundu kila kilichotoka tofauti. Kisha keti naye, muulize alisoma nini pale, na uandike jibu lake pembeni ya mchoro, kwa maneno yake.