Pikapu ya umeme inaiweza kazi ya dizeli?

Safari hii nimepokea barua nyingi kuhusu pikapu, nimechagua nne. Mbili za kwanza nimezijibu kwa kirefu kwa sababu wenye barua wako karibu kutoa pesa, na sitaki wazitoe kwa maneno ya kusikia.

Swali: Shikamoo Fundi. Nina pikapu mbili za dizeli, kila moja imeshakula zaidi ya kilomita 300,000. Kazi yangu ni mabomba: nabeba mafundi wanne, vifaa, na mashine ya kuchomelea. Gari moja sasa inadai injini nyingine. Kijana wangu anasema nisihangaike na injini, ninunue pikapu ya umeme. Wenzangu wanasema hizo ni gari za kwendea ofisini, ukizipa kazi zinakuachia njiani. Nimsikilize nani? – Fundi bomba

Jibu: Marahaba. Naelekea upande wa kijana wako, ila kabla hujalipa chochote nakupa kazi ya wiki mbili. Weka daftari ndani ya gari. Kila jioni andika kilomita ulizotembea, ulichobeba, kama ulivuta tela, na gari ililala wapi. Mimi niliendesha pikapu moja ya dizeli miaka 19, na ungeniuliza ningeapa kwamba natembea kilomita 250 kwa siku. Nilipoandika, wastani ukatoka 94. Katika siku zote 14 nilivuka 200 mara moja tu.

Ninakusisitizia daftari kwa sababu sisi watu wa pikapu tuna tabia ya kununua gari kwa ajili ya ile siku moja ya mwaka tuliyokwenda mbali, halafu siku nyingine zote tunazunguka palepale. Kazi uliyoieleza inafanana na ya gari inayotoka asubuhi na kurudi jioni ilipolala. Hiyo umeme unaiweza leo. Gari inachajiwa usiku wakati wewe umelala, asubuhi unaikuta imejaa.

Pikapu za ukubwa uliouzoea zimeshatoka. Isuzu D-Max ya umeme ina betri ya kilowati-saa 66.9 (kilowati-saa hupima umeme ulio ndani ya betri, kama lita zinavyopima mafuta ya tenki), inabeba takriban tani moja, na kwa kipimo cha Ulaya inafika kilomita 263. Toyota nayo imetoa Hilux ya umeme yenye betri ya kilowati-saa 59.2, lakini hiyo inabeba kilo 700 na ushee na inavuta tani 1.6 tu, kwa hiyo usione jina la Hilux ukadhani ni ileile ya dizeli. Zile kubwa za Marekani, kama Rivian R1T na Ford F-150 Lightning, zina matoleo yenye betri karibu mara mbili ya hizo, na zikiwa tupu zinaweza kwenda kilomita 400 hadi zaidi ya 500.

Namba hizo hupimwa gari ikiwa haina mzigo wa kazi. Mimi hutoa robo nzima kwa ajili ya mwendo wa barabara kuu, baridi, na betri kuzeeka. Kilomita 263 ukizitoa robo zinabaki kama 197. Hiyo 197 ndiyo ya kulinganisha na daftari lako.

Mzigo wa mgongoni usikutishe. Nimewahi kupakia mifuko 12 ya saruji, kilo 600, kwenye pikapu kubwa ya umeme ya kuazima. Bila mzigo ilikuwa inakula kilowati-saa 27 kwa kila kilomita 100. Na saruji ikala 29. Uzito unaudai umeme wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda, lakini ukishuka au ukipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu yake kwenye betri. Adui mkubwa ni upepo. Siku nilipofunga mabomba marefu juu ya keria, yalikula umeme kuliko saruji ile, ingawa uzito wake haukufika hata robo. Kwa hiyo wewe wa mabomba, tafuta namna ya kuyalaza chini, yasisimame juu ya paa.

Na hao wanaosema haina nguvu, waombe wakae nayo nusu saa kwenye tope. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote ya mzunguko tangu tairi halijaanza kuzunguka. Hakuna kuchezea klachi, hakuna kuivumisha injini ndipo gari ichomoke. Mguu unabonyeza taratibu na tairi linashika taratibu. Nimefundisha vijana wengi kutoa gari matopeni, na sijaona chombo kinachomsamehe dereva mchanga kama hiki.

Mwisho, mashine yako ya kuchomelea. Baadhi ya pikapu hizi zina soketi za kuendeshea vifaa vya kazi. Lightning yenye mfumo mkubwa inatoa hadi kilowati 9.6. Hapo jenereta unaiacha nyumbani, pamoja na kelele na moshi wake. Uliza soketi ya gari unayoitazama inatoa kilowati ngapi, kisha soma kibao kilicho nyuma ya mashine yako. Namba ya gari iwe kubwa kuliko ya mashine, na ibaki nafasi, kwa sababu mashine hunyonya zaidi inapowashwa.

Swali: Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mfugaji. Mara mbili kwa mwezi navuta tela la ng'ombe, karibu tani tatu likijaa, kilomita 340 kwenda mnadani. Nimesoma kwamba kuna pikapu ya umeme inayovuta tani 3.5 sawasawa na dizeli yangu. Mbona fundi wangu ananikataza? – Mama Ng'ombe

Jibu: Nzuri, Mama. Fundi wako amekutendea wema, mshukuru. Ile tani 3.5 ni ya kweli, lakini inakueleza nguvu ya kuvuta, haikuelezi utafika wapi. Watu wengi wanaumia hapo.

Pikapu ileile niliyoipakia saruji, ambayo betri yake inazidi kilowati-saa 120, niliifunga tela la boksi lenye kimo kupita paa la gari, uzito tani tatu kasoro kidogo. Mwendo ulikuwa uleule, kilomita 100 kwa saa. Ulaji ukapanda kutoka kilowati-saa 27 hadi 61 kwa kila kilomita 100. Sikuamini, nikasimama kando ya barabara na kupiga hesabu upya. Ilikuwa sawa. Safari ya zaidi ya kilomita 450 ilikuwa imebaki kama 200.

Na hizo 200 huzipati zote. Hakuna mtu mwenye akili anayevuta tela hadi betri iishe kabisa, kwa hiyo unaanza kutafuta chaji ikibaki asilimia 10. Kule kwenye chaji ya haraka, betri hupokea umeme kwa kasi hadi karibu asilimia 80, kisha inapunguza ili isiharibike, na kusubiri ijae ni kupoteza muda. Maana yake, baada ya kituo cha kwanza unakwenda na asilimia 70 tu, yaani kilomita kama 140. Kwa safari yako ya 340 utasimama mara mbili, dakika 40 au zaidi kila mara, na ng'ombe wamesimama ndani ya tela. Tena vituo vingi vimechorwa kwa gari peke yake. Mimi ilinibidi nifungue tela, niliegeshe kando, nichaji, nirudi kulifunga. Langu lilikuwa na masanduku. Tela lenye wanyama hai halifunguliwi hivyo, na sitakushauri ufanye hivyo hata siku moja.

Kwa nini dizeli haikuonyeshi taabu hii? Inaipata, ila tenki linaificha. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Tenki la lita 80 ni kama kilowati-saa 800. Injini inapoteza takriban theluthi mbili kwa joto, lakini kinachobaki bado ni kama mara mbili ya betri kubwa niliyokuwa nayo. Dizeli yako inayokula lita 9 kwa kilomita 100 ikiwa tupu, ikivuta tela itakula 17. Imeumia vilevile! Lakini unafika, na ukipungukiwa unajaza kwa dakika tano.

Utaambiwa, basi ongeza betri. Chevrolet Silverado ya umeme imefanya hivyo: toleo moja lina betri ya zaidi ya kilowati-saa 200 na limepimwa kilomita 724 bila tela. Lakini gari yenyewe inakaribia tani nne kabla hujapakia kitu, na betri kubwa inakaa muda mrefu kwenye chaji. Ford wenyewe walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha kuitengeneza Lightning ya umeme mtupu, na ijayo itakuwa na jenereta ya petroli ndani ya kuichaji safarini. Kwa mtu anayevuta mbali, naona hiyo ndiyo njia ya kungojea. Ziko pia zinazochanganya betri na injini, kama BYD Shark 6, lakini ile ya kawaida inavuta tani 2.5. Tela lako linaizidi, usijaribu.

Kwa sasa baki na dizeli yako, Mama, ila ipunguzie adha. Ukishuka kutoka kilomita 110 hadi 90 kwa saa, nguvu ya upepo inayokuzuia inapungua kwa theluthi moja. Utachelewa kama dakika 40 katika safari nzima. Na ng'ombe watashuka wakiwa wametulia.

Swali: Fundi, nimeona pikapu ya umeme iliyotumika, ina miaka mitano. Naogopa betri. Niangalie nini? – Mnunuzi mwoga

Jibu: Woga wako una maana, kwa sababu betri ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote kwenye gari hiyo. Dhamana za betri mara nyingi ni miaka minane au kilomita 160,000, chochote kitakachotangulia, kwa hiyo uliza imebaki kiasi gani na kama inamfuata mnunuzi wa pili. Dai ipimwe kwa kompyuta ya gereji ili ujue uwezo uliobaki. Usikubali kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, maana hizo zinategemea aliyekuwa akiiendesha jana. Uliza pia aina ya betri. Zile za lithiamu na fosfeti ya chuma huvumilia kujazwa mpaka asilimia 100 mara kwa mara. Zile za nikeli hudumu zaidi zikiachwa kwenye 80 siku za kawaida. Kama mwenye gari alikuwa nayo ya nikeli na anakwambia kwa fahari kwamba aliijaza mpaka mwisho kila usiku kwa miaka mitano, ondoka.

Swali: Nakaa juu mlimani na kila asubuhi nashuka na mzigo. Ni kweli kwamba pikapu ya umeme itajichaji yenyewe nikishuka? – Wa mlimani

Jibu: Kweli, ila usiijaze usiku. Betri ikiwa asilimia 100 haina pa kupokea umeme, na breki ya mota inapungua au haipo kabisa, kwa hiyo mteremko wote utaushusha kwa breki za kawaida, na mzigo mgongoni. Ipange chaji isimame kwenye asilimia 80. Mara ya kwanza shuka bila mzigo, polepole, uone mshale wa chaji unavyopanda na breki zinavyobaki baridi. Ukifika chini niandikie ilisoma ngapi.