Shifti za wazee mnazozificha ziandikeni: ushauri kwa wadogo zangu mnaoomba udaktari Marekani

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa tano simu yangu inajaa meseji za wadogo zetu wa hapa Ohio na majimbo mengine, watoto wa Kitanzania, wa Kikenya na siku hizi Wakongo wengi tu, wanajiandaa kuomba chuo cha udaktari na swali ni lile lile, dada GPA yangu iko vizuri ila sina shughuli za nje ya darasa, nifanye nini fasta fasta. Ukimuuliza we wikiendi unakuwaga wapi anakwambia aah niko nyumba ya wazee tu napiga shifti. Tu! Yaani mtu anawalisha wazee, anawageuza kitandani wasipate vidonda, anakaa saa nane usiku na bibi aliyepoteza kumbukumbu anayemuulizia mume aliyefariki zamani, afu anasema hana shughuli. Nimeona niandike mara moja mana siwezi kumjibu kila mtu kwa urefu huu.

Mimi niko mwaka wa tatu wa udaktari sasa na nimepita njia hiyo hiyo, nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti (hapa Ohio tulikuwa tunaita STNA) na nilikuwa natafsiri Kiswahili kliniki, kwa hiyo haya nimeyaishi.

Kwanza elewa fomu yenyewe. Ukiomba vyuo vya MD, digrii ya udaktari iliyozoeleka, maombi yako karibu yote yanapita AMCAS, mfumo wa AAMC ambao ni umoja wa vyuo vya udaktari, vya DO, yaani udaktari wa osteopathia ambao nao ni madaktari kamili, vinapita AACOMAS, na vyuo vingi vya Texas vina mfumo wao TMDSAS. Kwenye AMCAS unapewa nafasi 15 za kazi na shughuli, kila moja herufi 700 pamoja na nafasi kati ya maneno, halafu unachagua mpaka tatu zilizokugusa zaidi na hizo unaongezewa herufi 1,325. Sasa sikiliza, pale kwenye kuchagua aina ya shughuli kuna kipengele kabisa cha kazi ya kulipwa ya kitabibu, kiko pembeni ya kile cha kujitolea. Hakuna aliyesema lazima uifanye bure ndo ihesabike. Kumshika mgonjwa ni kumshika mgonjwa, na kama hela ile ilikulipia kodi ya nyumba na nyingine ukatuma nyumbani basi waandikie hivyo hivyo.

Na usijaze 15 kwa ajili ya kujaza. Mtu mwenye shughuli saba alizokaa nazo miaka anasomeka vizuri kuliko mwenye 15 za mwezi mmoja mmoja, wanaosoma fomu hizi wanaziona tarehe, wanaona ulianza lini na uliacha lini na wanajua kabisa nani alikusanya vitu semista moja kabla ya kuomba. Kila mwaka waombaji wa MD wanazidi 50,000 na wanaoanza masomo ni kama 23,000, kwa hiyo anayekusoma kashasoma wengi kabla yako na ashachoka.

Najua kwanini tunaficha. Tumekua tukisikia kubeba boksi, kuosha wazee, ukipiga simu nyumbani unasema niko hospitali na wala hufafanui, wazazi nao wamefanya kazi hizo hizo miaka na miaka na hawataki kuona mtoto wao anaziweka kwenye karatasi ya kuombea udaktari. Afu darasani umekaa na wenzako ambao baba ni daktari wa moyo, mjomba ni daktari wa upasuaji, wamekaa chumba cha upasuaji kiangazi kizima, unajiona mdogo. Mi nakwambia kutoka moyoni, kwenye usaili swali kubwa ni umejuaje unataka maisha haya, na mtu aliyemfuta mgonjwa mavi bila kumvunjia heshima saa kumi na moja alfajiri akiwa kwenye dabo shifti ana jibu ambalo hakuna hela inaweza kununua.

Ila jibu hilo lazima ulitoe, halijitoi lenyewe. Wengi mnaandika majukumu, nilipima presha, nilisaidia kuoga, nilijaza chati. Hayo msomaji anayajua. Andika ulichokiona na ulichofanya baada ya kukiona. Mfano, unasema kulikuwa na mzee aliyeanza kurudisha sahani ya chakula, kwenye chati kila mtu anaandika amekataa kula, wewe siku ya tatu ukamwomba afungue mdomo ukaona meno ya bandia yamemchuna fizi, ukamwambia nesi, yakarekebishwa, mzee akala. Hapo katika mistari mitano umeonyesha unaangalia, unajali, unajua mipaka ya kazi yako na unajua kuongea na wenzako wa zamu. Usitaje jina la mgonjwa, chumba, wala kitu chochote kitakachofanya ajulikane, sheria ya HIPAA ya kulinda siri za mgonjwa iko wazi na hakuna kitakachokuangusha haraka kama kuvujisha habari za mgonjwa ndani ya maombi ya udaktari. Na picha za zamu ukiwa na wagonjwa nyuma yako Instagram, futa leo.

Kama hujaanza kabisa na unatafuta pa kuanzia, mafunzo ya CNA kwa sheria ya serikali kuu hayapungui masaa 75, majimbo mengine yanataka zaidi, na sehemu nyingi nyumba ya wazee yenyewe inakulipia mafunzo ukikubali kufanya kazi kwao. Sio lazima iwe hiyo, kuna EMT wa kwenye ambulansi, kuna kumwandikia daktari maelezo ya mgonjwa, kuna hospisi wanapokea watu wa kujitolea kukaa na wanaokaribia kufariki. Chagua unayoweza kudumu nayo.

Sasa Kiswahili chenu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Louisville, Columbus, Des Moines, Portland ya Maine, Houston, Phoenix, kote huko kuna familia za Wakongo waliokuja kama wakimbizi na Kiswahili ndo lugha wanayomwelezea daktari maumivu. Hospitali inayopokea hela za serikali kuu inawajibika kutoa mkalimani bila mgonjwa kulipa, hilo limejengwa juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na likakaziwa na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Kwa hiyo kazi ipo. Lakini usiingie kienyeji kwa sababu tu Kiswahili unakijua, soma kwanza, kozi ya msingi ya ukalimani wa afya ni masaa 40 na bila masaa hayo huwezi hata kuomba vyeti vya kitaifa. Pale ndo unafundishwa kusema kama mgonjwa alivyosema, kwa "mimi" yake, bila kuongeza wala kupunguza, hata kama unaona mama anaficha kitu au daktari anaongea kwa ukali. Mi nilijifunza udaktari mwingi kwenye kile kiti cha mkalimani kuliko sehemu nyingine yoyote kabla ya chuo. Unamwona daktari anayeuliza "umeelewa?" na mama anaitikia ndio kwa heshima tu, na unamwona mwingine anayesema niambie ukifika nyumbani dawa hii utainywaje, na mama anaanza kueleza na wote mnagundua alielewa kinyume. Nilivyokuwa naandika maombi yangu sikuhangaika kutafuta cha kusema.

Wale mliokuwa mnawatafsiria wazazi hospitalini mkiwa na miaka kumi, hilo halikupaswa kuwa jukumu lenu ila mlilibeba, na kuna pa kulisema. AMCAS ina insha ya hiari kuhusu mambo mengine yaliyokuathiri maishani, nayo ni herufi 1,325, hapo ndo pa kulea wadogo zako, maisha ya kambi ya wakimbizi, kutuma hela, kutafsiri barua za mwenye nyumba ukiwa darasa la tano. Usiiandike ili uonewe huruma, eleza tu kilichokuwepo na ulivyokibeba.

Kwaya nayo andika! Kuna kipengele cha sanaa. Uhazini wa jumuiya ya Watanzania, kuratibu michango ya msiba mpaka mwili ukafika nyumbani, kufundisha watoto Kiswahili Jumamosi, vyote ni uongozi na huduma, sema uliongoza watu wangapi na nini kilibadilika.

Vitu ambavyo shifti peke yake haikupi ni viwili vitatu. Kumfuata daktari kazini siku kadhaa uone anavyofikiri, na hapa kuna mlango mnaupita kila siku, kila nyumba ya wazee iliyoidhinishwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, lazima iwe na daktari msimamizi, mwombe, mueleze unataka nini, wengi wanakubali maana wanakuona unavyofanya kazi. Ukiomba DO tafuta pia daktari wa DO, vyuo vingine vinataka barua yake. Cha pili huduma kwa watu walio na shida kuliko wewe, bila malipo, hata masaa mawili kwa wiki kwa shirika linalopokea wakimbizi, kumpeleka mtu miadi, kumsomea barua. Utafiti fanya kama unaupenda au kama unalenga vyuo vikubwa vya utafiti, usiufanye kwa woga.

Kuhusu idadi ya masaa, vyuo vingi havitaji namba, na mtu akikwambia lazima elfu moja mwulize kaitoa chuo gani.

Safari za nyumbani. Hili linaniuma. Kuna watu wanalipa maelfu ya dola kwenda Tanzania au Kenya wiki mbili, wanashona vidonda, wanasaidia kuzalisha, vitu ambavyo hapa Marekani hakuna angewaruhusu kugusa, afu wanaviandika kwa fahari. AAMC ilitoa mwongozo 2011 ukisema wazi kwamba mwanafunzi akiwa nje asifanye kitu ambacho asingeruhusiwa kufanya kwao, na kamati zinaujua. Ukienda kuwaona ndugu na daktari unayemjua akakukaribisha wodini, nenda, angalia, uliza, tumia macho na masikio, mikono weka mfukoni. Yule mama wa Sengerema ana haki ile ile ya kuhudumiwa na mtu aliyesomea kama mama wa Ohio.

Tahadhari ya makaratasi pia. Kama uko na viza ya mwanafunzi ya F-1 usiguse kazi ya kulipwa nje ya kampasi bila kibali, muulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kazi moja ya CNA inaweza kukuharibia hadhi yako yote. Na jua vyuo vingi vya MD havipokei wasio na grinikadi au uraia, kwa hiyo angalia orodha mapema kabla hujalipa ada. Kipato cha nyumbani kikiwa kidogo, omba msaada wa ada wa AAMC kabla hujalipia MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, kwa sababu hawarudishi ulichokwisha lipa. Na MCAT yenyewe iheshimu, shifti zikikula muda wa kusoma punguza shifti, wanaopokelewa MD wastani wao unazungukia 511 mpaka 512 kati ya 528 na hakuna hadithi ya wazee itakayoziba pengo kubwa sana.

Leo jioni fungua faili moja kwenye simu, andika kila kazi, tarehe ya kuanza, masaa kwa wiki, jina na barua pepe ya msimamizi maana fomu inataka mtu wa kuthibitisha, na kila baada ya zamu iliyokugusa andika mistari miwili bila majina. Barua ya nesi aliyekusimamia miaka miwili mwombe sasa hivi akiwa bado anafanya kazi pale, manesi wanahama, mwambie unaomba mwaka gani na umkumbushe yule mzee wa meno, atakumbuka. AMCAS inafunguka mwanzoni mwa Mei na kutuma kunaanza mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, ukituma Juni uko vizuri, ukingoja Septemba nafasi za usaili zinakuwa zimeshaanza kuisha. Mwenye rasimu ya herufi 700 anitumie, nitaisoma.