Uzi wa katani: 5308 au 5607?

Ndugu, umesema wakala mmoja wa forodha ameuweka uzi wako wa katani kwenye 5308, na mwingine kwenye 5607, yaani namba mbili tofauti za bidhaa kwenye orodha ya ushuru wa forodha. Huenda hakuna aliyekosea. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeupima. Katani ikizidi desiteksi 20,000, forodha huihesabu kuwa kamba, yaani 5607. Isipozidi, ni uzi wa 5308.90. Desiteksi ni uzito kwa gramu wa mita 10,000, kwa hiyo mpaka wako ni gramu 2 kwa mita. Kata mita 10, weka kwenye mizani: ikivuka gramu 20, umeshapata jibu. Mimi ningepima vipande kadhaa, maana katani haina unene ulio sawa.

Ule wa makumbi ya nazi haupimwi hivyo. Hesabu nyuzi zilizosokotwa pamoja: 3 au zaidi ni 5607, pungufu ya hapo ni 5308.10.

Juti iko 5307, usiichanganye na hizi. Na ukichanganya katani na pamba, aina ya nyuzi yenye uzito mkubwa zaidi kwenye mchanganyiko ndiyo inayoamua. Kwenye ankara andika aina ya nyuzi, asilimia na desiteksi. Neno "uzi" peke yake ndilo linaloleta maswali.