Re: Godoro la sufi au la usumba kwa mtoto mwenye mzio?

Waalaykumu salaam dada. Umesema mwanao anaamka na chafya na pua zimeziba, na unataka kuacha sponji ununue la sufi au la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Sawa, lakini kwa dalili hizo mimi ningemshuku kwanza utitiri wa vumbi. Wadudu hawa hawaonekani kwa macho, hula vigamba vya ngozi yetu na hupenda unyevu, nao Unguja tunao tele, khasa masika. Huingia kwenye godoro la aina yoyote, liwe la mmea au la kiwandani.

Sufi ni laini na nyepesi, ila haifuliki. Ikizeeka hukatika ikawa vumbi. Upige mto wa zamani juani uone linavyotimka. Kwa mtoto huyo siipendi, labda iwe mpya, imetolewa mbegu vizuri, na kitambaa chake kimefumwa kwa kubana.

Usumba unapitisha hewa vizuri. Lakini muulize fundi ameugandisha kwa nini, maana magodoro mengi ya usumba hutiwa utomvu wa mpira, na wapo wenye mzio wa mpira wenyewe.

Pesa yako ianzie kwenye shuka na foronya za pamba tupu, na mfuko wa zipu wa kulifunika godoro zima. Shuka zifue kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60. Godoro litoe nje kila jua likiwaka, na uliinue chini kwa chaga lipate hewa.

Akianza kutoa mlio kifuani, mpeleke hospitali, usingoje godoro.