Maswali ya Wasomaji: Kozi za Biashara za Kiangazi Nje ya Nchi

Kozi mbili kwa wiki sita, nitaziweza?

*Nasoma shahada ya biashara, mwaka wa pili. Nimepata nafasi kwenye programu ya kiangazi ya wiki sita barani Ulaya. Kila kozi ina krediti 7.5 za ECTS (mfumo wa Ulaya wa kuhesabu kazi ya masomo) na naruhusiwa kuchukua mbili. Mwenzangu anasema nitajiumiza. Halafu, chuo changu kitazitambua?*

Mwenzako ana hoja. Krediti moja ya ECTS ni kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha vipindi, usomaji, kazi za kikundi na mtihani. Kozi ya krediti 7.5 basi ni saa 187 hadi 225. Zigawe kwa wiki sita upate saa 31 hadi 37 kwa wiki. Kozi mbili zinakufikisha saa 62 hadi 75, yaani saa tisa mpaka karibu kumi na moja kila siku, Jumapili ikiwemo. Wapo wanaomudu, hasa kama kozi moja ni ya somo ambalo tayari wana msingi wake. Tusichokushauri ni kubeba pamoja mbili zinazodai hesabu, kwa mfano fedha za kampuni na takwimu. Kabla ya kuamua, angalia tarehe za mitihani, maana yote miwili ikiangukia wiki moja ya mwisho, utaisoma mmoja na kuubahatisha mwingine.

Kuhusu kutambuliwa, usilipe ada kabla hujapata kibali cha maandishi kutoka chuoni kwako. Mkuu wa idara akikuambia mlangoni kwamba "haina shida", bado huna kitu mkononi. Mpelekee silabasi nzima, si ile aya ya tangazo: iwe na saa za darasani, mada za kila wiki, orodha ya usomaji na namna ya kupimwa. Kibali kitaje mambo matatu: kozi hiyo inachukua nafasi ya ipi katika shahada yako, inahesabiwa krediti ngapi, na kama alama itaingia kwenye wastani wako au itaandikwa "amefaulu" tu.

Maombi mengi hukwama kwa sababu kozi imefanana mno na uliyokwisha kufaulu, au ni ya ngazi ya utangulizi ilhali wewe unadaiwa ya mwaka wa tatu. Omba kibali cha kozi ya akiba pia, kwani kozi za kiangazi hufutwa waliojiandikisha wakiwa wachache. Chuo chako kikitumia krediti za mtindo wa Marekani, ubadilishaji uliozoeleka ni ECTS mbili kwa krediti moja. Hapo 7.5 zako ni 3.75, na usishangae zikishushwa hadi 3.

Cheti cha kuhudhuria kinatosha?

*Programu niliyoiona inatoa cheti, haisemi lolote kuhusu transkripti (hati rasmi ya alama).*

Kwa wasifu wako kinatosha. Kwa krediti, hapana. Waulize kama mtihani upo na kama transkripti hutumwa na ofisi yao moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako. Nakala unayoipeleka mwenyewe vyuo vingi haviipokei.

Viza: niombe lini, na ipi?

*Ninachagua kati ya programu moja iliyo katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja), moja Uingereza na moja Marekani. Zote hazifiki miezi miwili.*

Schengen ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe kuliko siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45, kwa hiyo wewe hesabu hizo 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwako huko, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie euro 30,000. Ada ya kawaida ya mtu mzima ni euro 90, ila mwanafunzi anayekwenda kusoma amesamehewa. Ambatanisha barua ya kukubaliwa na ulidai hilo dirishani. Ada ya kituo kinachopokea fomu ni jambo lingine, hiyo huenda ukatozwa. Viza ikitoka, soma idadi ya siku iliyoandikwa humo, usitazame tarehe peke yake. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Uingereza, viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kusoma hadi miezi sita kwenye taasisi iliyoidhinishwa. Marekani ndiko watu wanakoteleza. Viza ya utalii inakubali kozi fupi ya kujifurahisha isiyo na krediti. Kozi ikihesabiwa kwenye shahada, unahitaji F-1, viza ya mwanafunzi, na hiyo inaanza na fomu I-20 kutoka chuo kinachokupokea, kisha ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, ambayo ni kando ya ada ya viza.

Popote uombapo, fedha iliyoingia benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi huzua maswali. Kama ni ya mfadhili, weka barua yake na taarifa yake ya benki. Ongeza barua ya chuo chako inayotaja tarehe ya muhula unaorudi kuuanza.

Visa vya kampuni vinanitisha

*Wanasema kila siku tutajadili kisa cha kampuni, kurasa 20. Nisomeje?*

Usisome mfululizo kama riwaya. Anza na kurasa mbili za mwanzo na ule wa mwisho, ujue nani anatakiwa kuamua nini. Kisha ruka kwenye majedwali ya nyuma, ndiko siri iliko. Tuseme simulizi inasifu mauzo yaliyopanda kutoka 1,000 hadi 1,200. Jedwali linaonyesha wadaiwa, yaani fedha ambazo wateja hawajalipa, wametoka 120 hadi 300. Gawa wadaiwa kwa mauzo, zidisha kwa 365: mwaka jana wateja walilipa baada ya siku 44, mwaka huu 91. Mauzo yamenunuliwa kwa mkopo, na fedha taslimu inakauka. Ukiingia darasani na namba hiyo moja tayari una cha kusema, na kushiriki mara nyingi kuna alama zake.

Kwenye kikundi, kubalianeni siku ya kwanza jinsi ya kuandika namba. Kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani au Kifaransa hutumia mkato penye nukta ya desimali. Mmoja akinakili 1.250 akimaanisha moja na robo, kwenye kompyuta ya Mjerumani inasomeka elfu moja mia mbili na hamsini, na jedwali halitatoa onyo lolote.