Barua kwa mwanangu: habari za soko usome wapi

Mwanangu,

Sisi huku Vwawa hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza habari za masoko ya fedha uwe unazisoma wapi kila siku, maana vikundi vya WhatsApp vimekuchanganya: huyu anasema nunua, yule anasema uza, na wewe una hisa zako za benki na vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja.

Nenda kule namba inakotoka. Bei za hisa zinatoka Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wenyewe hutoa taarifa ya siku soko likishafungwa. Isome jioni, asubuhi fanya kazi ya watu. Ukiifungua usikimbilie bei; tazama kwanza zimeuzwa hisa ngapi. Soko letu bado dogo. Utaona kampuni imeandikwa imepanda, kumbe siku nzima hisa zilizouzwa ni za kuhesabu kwa vidole. Bei ya namna hiyo isikutoe usingizini. Na kuna kushuka kusikotisha: siku ya mwisho ya kustahili gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, ikipita, bei mara nyingi hulegea, kwa kuwa anayenunua leo halipati gawio hilo. Hapo ndipo kwenye vikundi utasikia kampuni inakufa.

Thamani ya kipande UTT huitangaza wenyewe kila siku ya kazi. Bei ya dola na riba, kazisome Benki Kuu. Riba yao ya sera, ile inayoongoza riba nyingine sokoni, ilianza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5, na kamati inayoipanga hukutana kila robo mwaka, kwa hiyo anayekupa habari mpya ya riba kila asubuhi anajaza ukurasa tu. Matokeo ya minada ya hatifungani, yaani serikali inapokopa kwa wananchi na kuwalipa riba, yako hapohapo. Mapato wanayodai wanunuzi yakipanda, ujue hatifungani za zamani zinashuka bei.

Magazeti ya Mwananchi na The Citizen nayasoma kwa ajili ya sababu, si kwa ajili ya namba.

Mimi cha kila siku ni kahawa. Arabika yetu hufuata bei ya New York, inayotajwa kwa senti za Marekani kwa paundi. Ya London ni robusta, aina nyingine ya kahawa, na majirani zangu huzichanganya kila msimu. Februari 2025 New York ilipita senti 400, watu hapa wakaanza kupanga mabati. Piga hesabu: kilo moja ni paundi 2.2, kwa hiyo senti 400 ni kama dola 8.80 kwa kilo. Lakini hiyo ni kahawa safi iliyokwisha kukobolewa. Toa ukoboaji, usafiri na makato ya chama cha msingi, ndipo uone cha mkulima. Siku hizi kabla ya bei nasoma hali ya hewa ya Brazili, maana mavuno yao ndiyo huyumbisha bei ya New York. Mama yako ananicheka.

Anayekushauri ununue kitu, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asipokuwemo, toka kwenye kikundi, huna haja ya kuaga.

Ukikwama kwenye taarifa ya soko, nitumie picha yake jioni tuisome pamoja kwa simu. Mchana niko shambani, mtandao unasumbua.

Baba yako